Wayahudi na Wakatoliki: urafiki unaoruhusu kusema hapana

Jumapili ya Matawi, katika mwaka ambao Mateso ya Bwana husomwa kutoka Injili ya Mathayo, waumini nasi hupewa sehemu yetu. Msomaji mmoja huwa msimulizi, padre husema maneno ya Yesu, mwingine huchukua Pilato, Petro na yule kijakazi wa uani. Sisi wengine, matawi mkononi, huwa umati. Utotoni niliingojea zamu hiyo kwa hamu, maana ndiyo pekee tuliyoruhusiwa kupiga kelele kanisani. "Asulubiwe!" Halafu, mistari michache mbele, kanisa zima kwa sauti moja: "Damu yake na iwe juu yetu, na juu ya watoto wetu."

Katekista wetu alitufafanulia mstari huo bila kupepesa macho. Waliotamka maneno hayo ni Wayahudi, alisema, na ndiyo maana Mungu akawatawanya duniani. Alikuwa mtu mwema, na hakuwahi kumwona Myahudi hata mmoja maishani mwake. Aliyotufundisha ndiyo aliyofundishwa. Kumbe fundisho hilo lilikuwa limekwisha kukataliwa na Kanisa lake mwenyewe zaidi ya miaka 20 nyuma.

Lilikataliwa rasmi tarehe 28 Oktoba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, ulipotoa tamko liitwalo Nostra Aetate kuhusu uhusiano wa Kanisa na dini zisizo za Kikristo. Maaskofu 2,221 waliunga mkono, 88 wakapinga. Kifungu chake cha nne kinasema kwamba mateso ya Yesu hayawezi kubebeshwa Wayahudi wote wa wakati ule, sembuse Wayahudi wa leo, na kwamba wasionyeshwe kuwa watu waliotupwa au kulaaniwa na Mungu. Oktoba 2025 tamko hilo lilitimiza miaka 60. Hotuba zilikuwa nyingi, picha za Papa na marabi nazo nyingi. Ndipo swali la zamani likarudi: je, kilichojengwa kwa miaka hiyo yote ni urafiki, au ni adabu ya mezani tu?

Wanaosema ni urafiki wana pa kuanzia, na kwa kawaida huanza na Jules Isaac. Huyu alikuwa mwanahistoria wa Kifaransa ambaye vitabu vyake vya kiada vilisomwa na vizazi vya wanafunzi wa Ufaransa. Mwaka 1943 mkewe na binti yake walikamatwa, wakaishia Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi huko Poland. Yeye alinusurika, akaandika akiwa mafichoni. Aliweka Injili upande mmoja na mahubiri ya karne nyingi upande wa pili, akaonyesha jinsi yalivyotofautiana. Mahubiri hayo aliyaita "mafundisho ya dharau." Tarehe 13 Juni 1960, akiwa na miaka 82, alipokewa na Papa Yohane wa 23. Kwa simulizi ya Isaac mwenyewe, alimuuliza Papa kama anaweza kuondoka na chembe ya matumaini, naye akajibiwa kwamba anastahili zaidi ya matumaini. Mwaka huohuo Papa alimkabidhi Kardinali Augustin Bea, Mjesuiti wa Ujerumani, kazi ya kuandaa rasimu.

Ninachokipenda katika kisa hiki ni kwamba Isaac hakwenda Roma kutafuta maridhiano ya imani. Hakumwomba Papa akubaliane na Wayahudi kuhusu Masiya. Alichoomba ni Kanisa lifagie nyumba yake: lipitie katekisimu, mahubiri na sala zake, liondoe uongo. Ombi la namna hiyo hujibika, na matunda yake hupimika.

Lakini safari ya rasimu haikuwa ya furaha, na wanaotilia shaka huanzia hapo. Serikali za nchi za Kiarabu ziliona ni mlango wa nyuma wa kuitambua Israeli. Maaskofu wa Makanisa ya Mashariki, ambao waumini wao waliishi katika nchi hizohizo, walikuwa na hofu ya haki kabisa juu ya usalama wa watu wao. Rasimu ikapunguzwa makali. Maneno yaliyokana waziwazi kwamba Wayahudi ni "wauaji wa Mungu" yakaondolewa. Chuki dhidi ya Wayahudi, ambayo rasimu ya awali "iliisikitikia na kuilaani," mwishoni ikabaki "kusikitikiwa" tu. Toleo moja la mwaka 1964 liligusia tumaini la Wayahudi kujiunga na Kanisa, na Rabi Abraham Joshua Heschel wa Marekani, aliyekuwa akishauriana na Kardinali Bea kwa muda mrefu, akalijibu kwa maneno makali. Alisema yuko tayari kwenda Auschwitz wakati wowote iwapo angetakiwa kuchagua kati ya kubadili dini na kifo. Sentensi ile ikaondolewa. Nadhani ndiyo hapana ya kwanza kubwa katika mazungumzo haya, nayo ilisaidia kuliko pongezi zote zilizofuata.

Twende Roma yenyewe, maana mambo haya huonekana vizuri zaidi kwa miguu kuliko kwa nyaraka. Kutoka Uwanja wa Mtakatifu Petro hadi Sinagogi Kuu ni mwendo wa kama nusu saa, unafuata mto Tiber, kisha unavuka daraja. Sinagogi hilo lilizinduliwa mwaka 1904 mahali palipokuwa geto, mtaa uliozungushiwa ukuta ambamo Papa Paulo wa Nne aliwafungia Wayahudi wa mji mwaka 1555. Ukitoka mlangoni unaona ng'ambo ya barabara kanisa dogo la San Gregorio. Juu ya mlango wake kuna maandishi ya Kiebrania na Kilatini, maneno ya nabii Isaya kuhusu Mungu aliyenyoosha mikono mchana kutwa kwa watu walioasi. Wayahudi wa geto walilazimishwa kusikiliza mahubiri ya kuwaongoa. Inasimuliwa kwamba wengine waliziba masikio kwa nta.

Tarehe 16 Oktoba 1943 askari wa Ujerumani waliuzunguka mtaa huo alfajiri. Waliokamatwa walishikiliwa siku mbili katika chuo cha kijeshi kisicho mbali na Vatikani, kisha zaidi ya watu 1,000 wakapakiwa kwenye mabehewa kwenda Auschwitz. Walirudi 16. Papa Pius wa 12 hakupaza sauti hadharani. Wakati huohuo konventi, seminari na nyumba za watawa za Roma zilifungua milango. Orodha iliyopatikana katika Taasisi ya Biblia ya Kipapa na kutangazwa mwaka 2023 ilionyesha Wayahudi wapatao 3,200 waliofichwa katika nyumba hizo. Nyaraka za Vatikani za enzi ya Pius zilifunguliwa kwa watafiti Machi 2020, na ubishi bado haujaisha. Mimi sioni kwa nini jambo moja lilazimike kulifuta lingine. Watawa waliwaficha watu, na Papa alinyamaza. Yote mawili yalitokea katika mji mmoja, majira yaleyale.

Kwa hiyo Aprili 13, 1986, Yohane Paulo wa Pili alipouvuka mto na kuingia katika sinagogi lile, Papa wa kwanza kufanya hivyo katika historia iliyoandikwa, wazee waliokaa ndani walikuwa wanakumbuka mengi. Papa na Rabi Mkuu Elio Toaff walikaa kwenye viti viwili vinavyofanana. Mtu anaweza kucheka kwamba tunahesabu viti, lakini anayejua itifaki za wakubwa, iwe Roma au Dodoma, anajua kiti husema kabla mtu hajafungua kinywa. Papa akawaita Wayahudi ndugu wapendwa na, kwa namna fulani, kaka zetu wakubwa. Alikuwa na sababu zake. Huko Wadowice, Poland, alikosomea utotoni, rafiki yake wa darasani alikuwa Jerzy Kluger, mtoto wa kiongozi wa jumuiya ya Wayahudi. Na alipofariki mwaka 2005, wosia wake ulipofunguliwa, miongoni mwa watu walio hai aliowataja kulikuwa na rabi wa Roma.

Huo ni urafiki. Sina neno jingine la kuuita. Tatizo ni kudhani kwamba watu wawili wakipendana, basi dini zao zimekwisha kupatana.

Hapo ndipo panapohitajika sauti ya Rabi Joseph Soloveitchik, mwalimu mkubwa nchini Marekani wa Wayahudi wa Orthodoksi, wale wanaoishika Torati kwa ukali. Mwaka 1964, Mtaguso ukiwa bado unaendelea, aliandika makala iliyoweka mstari. Tushirikiane katika mambo ya jamii, alisema kwa ujumla: umaskini, haki, amani, utu wa mwanadamu. Ila uhusiano wa mtu na Mungu wake, kiini cha imani, si bidhaa ya kuwekwa mezani na kujadiliwa bei. Alihofia kwamba jumuiya ndogo ikikaa na jumuiya kubwa kujadili imani, ndogo ndiyo itakayotakiwa kulegeza: nyie mmefuta lile fundisho, basi na sisi turudishe nini? Kwake swali hilo halikuwa halali. Aliyeacha kukupiga hakudai malipo kwa kuacha.

Nimesoma Wakatoliki wakiuona msimamo huo kuwa ubaridi. Mimi naona ni hoja nzito kuliko zote upande wa wenye shaka, kwa sababu inagusa jambo ambalo watu wa mazungumzo hawapendi kuligusa: pande hizi mbili hazilingani. Si kwa idadi tu. Mkristo hawezi kujieleza bila Israeli. Zaburi anazosali na manabii anaowasoma ni vya Wayahudi. Myahudi anaweza kuishi maisha yake yote kikamilifu kama Myahudi bila kufungua Agano Jipya. Mmoja ana haja ya kuzungumza, mwingine ana haja ya kuachwa salama. Ukilisahau hilo, unaanza kumlaumu mwenzako kwa kutokuwa na hamu.

Hata hivyo upande wa Orthodoksi haukuishia kwenye mstari wa Soloveitchik. Desemba 2015 marabi kadhaa wa Orthodoksi walitoa tamko la kuuona Ukristo kuwa sehemu ya mpango wa Mungu, na Agosti 2017 wajumbe wa marabi wa Ulaya, Marekani na Israeli walimkabidhi Papa Francis waraka uitwao "Kati ya Yerusalemu na Roma." Waraka huo unasema bila kuuma maneno kwamba tofauti za imani ni za msingi na hazitaisha, kisha unawaita Wakatoliki washirika na marafiki. Nusu karne ilipita kati ya makala ya mwaka 1964 na hatua hizo. Walikwenda kwa mwendo wao wenyewe.

Upande wa Kanisa nako kuna wasioridhika, na si wote wana chuki. Hoja yao ni hii: Mtume Paulo aliandika kwa Warumi kwamba "karama za Mungu hazina majuto, wala mwito wake." Ikiwa agano la Wayahudi bado li hai, Kanisa linamhubiria nani, na Kristo ni wa nani? Desemba 2015 tume ya Vatikani inayoshughulikia uhusiano na Wayahudi ilijibu kwa namna ambayo haijawaridhisha wote: Kanisa halina wala haliungi mkono kazi rasmi ya kimisionari inayowalenga Wayahudi, lakini Mkristo mmojammoja anaitwa kuishuhudia imani yake hata kwao, kwa unyenyekevu. Wahafidhina wakaona ni kurudi nyuma. Baadhi ya Wayahudi wakaona neno "kushuhudia" ni mlango ulioachwa wazi kidogo. Mimi naona tume ilisema kadiri ilivyoweza kusema kwa ukweli. Kanisa linaloahidi kutomwambia mtu yeyote habari za Yesu lingekuwa linadanganya, na urafiki wa uongo Wayahudi wameuona wa kutosha.

Mwaka 2008 mvutano huo ulipata sura ya kushikika. Sala ya Ijumaa Kuu ambayo karibu parokia zetu zote hutumia huwaombea Wayahudi, ambao Mungu alisema nao kwanza, waendelee katika uaminifu kwa agano lake. Lakini kwa wale wanaosali Misa ya zamani ya Kilatini, Papa Benedikto wa 16 aliandika sala mpya inayomwomba Mungu aangaze mioyo yao wamtambue Yesu kuwa mwokozi. Kanisa moja, Ijumaa moja, sala mbili. Marabi wa Italia wakasema hapana. Walijitoa katika Siku ya Uyahudi, ambayo maaskofu wa Italia huiadhimisha kila Januari 17, kwa mwaka 2009. Hawakutukana, hawakuvunja uhusiano, hawakwenda tu. Januari 17, 2010, Benedikto mwenyewe aliingia katika Sinagogi Kuu la Roma na kupokewa na Rabi Mkuu Riccardo Di Segni, ambaye pia ni daktari wa mionzi. Papa Francis naye alikwenda Januari 17, 2016.

Kisa cha Auschwitz kilikuwa kichungu zaidi. Mwaka 1984 masista Wakarmeli walihamia katika jengo lililo ukingoni mwa kambi ile ili kuwaombea marehemu. Nia yao naielewa. Lakini kwa Wayahudi, msalaba juu ya kaburi lisilo na majina la watu wao ulikuwa ni kuporwa hata kifo. Mwaka 1987 viongozi wa pande mbili walikubaliana kwamba konventi ihamishwe. Miaka ikapita, maneno mabaya yakarushwa, hadi Yohane Paulo wa Pili alipowaandikia masista mwenyewe mwaka 1993, wakahama. Waliendelea kuomba, ila mahali pengine.

Nakubali mifano hii inaipendelea hoja yangu. Jaribio la sasa ni gumu zaidi, kwa sababu pande si mbili tena. Baada ya shambulio la Hamas la Oktoba 7, 2023, Wayahudi wengi waliona Vatikani inapima maneno walipohitaji kukumbatiwa. Vita vya Gaza vilipoendelea, Papa Francis alilaani mauaji ya raia kwa ukali ulioongezeka, akapiga simu karibu kila jioni kwa parokia ya Familia Takatifu huko Gaza, na mwishoni mwa 2024 akasema madai ya mauaji ya kimbari yachunguzwe kwa makini. Di Segni akamkosoa waziwazi. Februari 2024 Papa alikuwa amekwisha kuwaandikia barua "ndugu zake Wayahudi," akiilaani chuki dhidi yao kuwa dhambi dhidi ya Mungu. Wengine iliwafariji, wengine waliiona haitoshi. Julai 17, 2025, kanisa lilelile la Gaza lilipigwa na kombora la Israeli na watu watatu wakafa. Israeli ilieleza masikitiko, ikasema kombora lilikwenda kombo.

Mkatoliki wa Palestina ana haki ya kuuliza: huu urafiki wa Roma na marabi unalipiwa na nani? Swali lake silioni kama chuki. Maaskofu wa Mashariki waliliuliza mwaka 1964, likafunikwa kwa lugha laini, na sasa limerudi na riba. Upande wa pili, Myahudi wa Paris au Roma anayetukanwa barabarani kwa matendo ya serikali asiyoichagua naye ana haki ya kumwuliza rafiki yake Mkatoliki kwa nini kimya. Nikilazimika kupima, nasema Kanisa limekosea pale lilipotumia lugha ya dini kuzungumzia mambo ya dola, na wasemaji wa Kiyahudi wamekosea pale walipouchukulia kila ukosoaji wa jeshi la Israeli kuwa usaliti wa Nostra Aetate. Patriaki wa Kilatini wa Yerusalemu, Kardinali Pierbattista Pizzaballa, anayezungumza Kiebrania na aliyewahi kuwachunga Wakatoliki wanaosali kwa lugha hiyo, alijitolea Oktoba 2023 abadilishwe na watoto waliotekwa na Hamas, kisha akaingia Gaza kuwaona waumini wake. Wapo wanaomlaumu kila upande. Bado anazungumza na kila upande.

Na sisi huku? Wayahudi wetu ni wachache mno: lipo sinagogi la Nairobi, na wapo Abayudaya wa maeneo ya Mbale, Uganda, waliomfuata Semei Kakungulu alipoanza kuishika Torati zaidi ya miaka 100 iliyopita. Lakini Myahudi wa kufikirika yuko kila mahali katika lugha yetu. Mtu mnafiki tunamwita Mfarisayo, hata kwenye kikao cha harusi. Mei 2019 Taasisi ya Biblia ya Kipapa iliitisha mkutano mzima wa wataalamu kuwachunguza Mafarisayo hao, na Papa Francis akawaandalia hotuba inayoonya kuhusu jina lao kugeuzwa tusi. Sijasikia hotuba hiyo ikigusiwa katika mimbari yoyote niliyokaa mbele yake. Upande mwingine wako ndugu zetu wanaopeperusha bendera ya Israeli kwenye mikutano ya maombi, wakiipenda nchi ya Biblia bila kuwahi kujiuliza Myahudi mwenyewe anaamini nini. Chuki ya katekista wangu na mapenzi ya wapeperusha bendera zinafanana katika jambo moja: zote hazimhitaji Myahudi awepo.

Wapo wanaotaka mstari ule wa damu uondolewe kwenye somo. Siungi mkono, Maandiko hayakatwi kwa mkasi kila yanapotuchoma. Lakini kuuacha usomwe bila neno, kama nilivyosomewa mimi, ni uvivu. Zamu ya Mathayo hurudi kila mwaka wa tatu. Mara ya mwisho niliyokuwapo, padre kijana alisimama kabla ya somo na kusema mambo mawili tu: kwamba umati huu ni sisi wenyewe, na kwamba Yesu, mama yake na mitume wote walikuwa Wayahudi.

Nyuma yangu mama mmoja alimwinamia mwenzake. "Mama Neema, kumbe Bikira Maria Myahudi?"

"Nyamaza, shoga," Mama Neema akanong'ona, huku akitafuta ukurasa kwenye kijitabu. "Hata mimi ndiyo kwanza nasikia."